Mwenye Pikipiki Akae Kwanza

Shemeji yangu ni mfupi, ana mikono mipana na mdomo usiojua likizo. Kama umewahi kupita barabara ya nyuma ya soko la mbao, lazima ulimsikia kabla hujamwona. Ni mke wa kaka yangu, na ni fundi wa pikipiki za umeme, zile zenye miguu mirefu zilizotengenezwa kwa ajili ya mawe na makorongo. Mtaani wanamwita Mama Meno, kwa sababu hawezi kuona gia bila kuhesabu meno yake. Aliwahi kuja mzee mmoja ameshika shavu, akaomba ang'olewe jino la nyuma. Shemeji alimpa kiti, akampa maji, akamwelekeza hospitali, na kabla hajaondoka akamuuliza kama nyumbani kwake kuna pikipiki.

Zamani alikuwa mshonaji. Chumba cha kazi ni kilekile mpaka leo. Cherehani imesukumwa kwenye kona na juu yake imewekwa chaja ya betri, mkasi mkubwa bado unaning'inia kwenye msumari wake, na meza aliyokuwa akikatia vitambaa imelowa grisi mpaka imekuwa nyeusi. Ufundi aliuanza kwa hasira. Kaka yangu alinunua pikipiki ya umeme kuukuu iliyokuwa ikitoa cheni kila mara, na kila fundi aliyepelekewa aliikaza tu, akafuta mikono, akairudisha. Siku moja shemeji alivuta kigoda akakaa nyuma ya ile pikipiki na kikombe cha chai, akamwambia mumewe apande, ashuke, apande tena. Kaka yangu alipanda na kushuka mpaka chai ikaisha. Hapo ndipo shemeji aliposema neno ambalo nyumbani tunalirudia mpaka leo.

"Hii cheni ni suruali."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka, alitusubiri tumalize. Akasema ukimpima mtu suruali amesimama tu, itampendeza sana mpaka atakapokaa. Ukitaka isimwaibishe, lazima umwambie akae, uone kitambaa kinavutika wapi. Na pikipiki hizi ni hivyohivyo. Gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono mrefu wa chuma unaopanda na kushuka kwa springi. Pikipiki ikiwa tupu, springi imenyooka na cheni inaonekana imelegea vizuri tu. Mtu akikaa, springi inabonyea, gurudumu linapanda na kusogea mbali kidogo na mota, na cheni inavutika. Ukiikaza pikipiki ikiwa tupu, mwenyewe akikaa inakaza kupita kiasi. Ukiilegeza kwa woga, inachomoka kwenye meno. Mafundi wale wote walikuwa wakipima suruali ya mtu aliyesimama.

Basi ikawa sheria ya duka lake. Hagusi urefu wa cheni mpaka mwenye pikipiki apande juu, na mzigo wake wa kila siku. Muuza mayai alipimwa na trei zake. Mwalimu alipimwa na begi la madaftari ya wanafunzi. Alikuja bwana mmoja anayesafirisha mbuzi, na mbuzi naye akapandishwa, akapimwa, akala kipande cha gazeti lililokuwa mezani. Mimi kazi yangu ni kuchora mabango, kwa hiyo nilimwandikia sheria yake ukutani kwa herufi nyekundu kubwa: MWENYE PIKIPIKI AKAE KWANZA. Ni bango zuri, na nasema hivyo si kwa sababu ni langu.

Sheria hiyo aliivunja mara moja tu, na mtu aliyemfanya aivunje ni mama yangu.

Mama ni mkunga wa kituo cha afya. Mwili anao, sauti anayo, na viatu vyake vya kazi tunavitambua vikiwa bado kwenye kona ya barabara. Nyuma ya mji wetu kuna kilima chenye nyumba zilizotawanyika mpaka juu kabisa, na njia yake ni mawe matupu, imekatwa hapa na pale na mifereji ya mvua. Mama amekipanda kile kilima kwa miguu tangu mimi nikiwa mgongoni kwake. Karibu watoto wote wa kule walipita mikononi mwake, na baadhi yao sasa wana watoto ambao nao walipita mikononi mwake. Kisha magoti yakaanza kumgomea. Alipanda mara mbili kwa wiki badala ya tatu, akasema ni kwa sababu ya joto, na sisi tukajifanya tumeamini.

Ndipo kituo kilipogawiwa pikipiki za umeme, na moja ikawa ya mama. Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira. Kaka yangu alikimbia upande huu, mimi upande ule, tumenyoosha mikono, na mama katikati akitupigia kelele tumpishe. Kwa siku mbili alituogopesha, na siku ya tatu akatuacha nyuma.

Kwenye tambarare ile pikipiki ilikuwa haishikiki. Lakini ilipofika kwenye mwinuko wenyewe, pale njia inapoinuka kama paa la nyumba, mota ilinguruma, ikapata joto, ikajizima. Mama akashuka, akaipepea kwa kanga kama mgonjwa, akasubiri ipoe, akapanda. Ikajizima tena. Hatimaye aliiacha kwenye nyumba ya mtu, akamalizia kwa miguu, akarudi anachechemea.

Msimamizi wa kituo akamwita. Ni mtu mpole, nisimsingizie. Alisema mzunguko wa kilimani atapewa mfanyakazi wa kituo kingine, ambaye atakuwa akija mara moja kwa wiki, na mama atakaa mapokezi kuandika kadi. "Utapumzika, mama," alimwambia. Alidhani anampa zawadi.

Mama alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi na viatu vyake vya kazi miguuni. Sijawahi kumwona mama yangu na viatu vile ndani ya nyumba.

"Mara moja kwa wiki," alisema. "Uchungu ukimshika mtu unamuuliza leo ni siku gani?"

Hakulala akilalamika, hiyo si kawaida yake. Asubuhi alirudi kwa msimamizi akapatana naye. Ijumaa msimamizi atakuja mwenyewe kwenye mguu wa kilima. Pikipiki ikimfikisha mama juu, mzunguko unabaki wake. Isipomfikisha, atakaa mapokezi na hatasema neno. Jioni hiyo kaka yangu akaisukuma pikipiki mpaka dukani kwa mkewe.

Hapa lazima niwaeleze jambo kuhusu mama na shemeji. Hawajawahi kugombana hata siku moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yenyewe. Waliheshimiana mpaka ikawa inachosha kuwatazama. Shemeji, ambaye anaweza kubishana na redio, mbele ya mama alikuwa na maneno matatu: shikamoo mama, ndiyo mama, asante mama. Mama naye alimjibu, "Marahaba mkwe wangu, usijisumbue mkwe wangu." Chumba kizima kilikaa kama kinasubiri mgeni rasmi.

Yote yalianza na gauni. Alipokuwa anaolewa, shemeji alimshonea mama mkwe wake gauni la harusi kwa mikono yake, la kijani, lenye shanga shingoni. Lilipendeza kweli. Mama alilivaa, akapewa kiti cha mbele karibu na bibi harusi, akampisha shangazi, akasimama tangu asubuhi mpaka wageni wa mwisho walipoondoka. Baada ya hapo kila kulipokuwa na sherehe shemeji alishona gauni jingine, na kila sherehe mama alilivaa na kusimama. Alisimama karibu na mlango, alisimama karibu na sufuria, alisimama akipokea wageni ambao wamekwisha kupokelewa. Shemeji aliliweka moyoni. Alimwambia mumewe, na mumewe akaniambia mimi: "Mama yenu hajawahi kukaa meza moja na mimi mbele za watu." Kaka yangu alimjibu kwamba mama ndivyo alivyo. Kwa kaka yangu kila kitu ndivyo kilivyo, na ndiyo maana analala vizuri.

Basi pikipiki ya mama mkwe ikaingia dukani, na kwa mara ya kwanza nilimwona shemeji anafurahi mama akiwa karibu, kwa sababu hii ilikuwa shida anayoijua. Aliinama, akahesabu meno ya gia ya nyuma, akaguna.

"Waliotengeneza hii walikuwa wanaota barabara ya lami," alisema. "Gia ya nyuma ikiwa ndogo namna hii, unapata mbio lakini nguvu ya kupanda hupati. Mota inajikamua mpaka inazimia. Nitafunga kubwa, yenye meno mengi. Itapanda taratibu, lakini itapanda." Kisha akakumbuka anaongea na nani, sauti ikashuka. "Ila mbio zitapungua, mama. Samahani."

"Mimi sikimbizani na mtu, mkwe wangu," alisema mama. Alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la kazi. Hakuingia ndani.

Gia kubwa inataka cheni ndefu zaidi, kwa kuwa cheni ina mzunguko mkubwa wa kuzunguka. Shemeji akafungua loki, kile kiungo kimoja kinachofunguliwa na kufungwa kwa kibanio kidogo, akaongeza pingili. Pingili ndizo vile vipande vidogo vinavyounda cheni, na haziongezwi moja moja bali mbili mbili, nyembamba na pana yake. Ikabaki kazi ya mwisho, kujua aongeze ngapi na akaze mpaka wapi. Kwa hiyo alihitaji mwenye pikipiki akae.

Mwenye pikipiki alikuwa mlangoni. Maneno yangu mekundu yalikuwa ukutani, juu kidogo ya kichwa chake. Nilimwona shemeji akiyatazama, akamtazama mama, akafungua mdomo.

"Mama, umechoka," alisema. "Nenda tu ukapumzike, nitamaliza mwenyewe."

Mama akaaga, akaenda zake.

"Shemeji," nikasema, "na sheria?"

"Sheria gani?"

"Ile niliyoiandika kwa rangi yangu nzuri."

"Unataka nimwambie mama mkwe wangu apande hapa, halafu mimi nipige magoti nyuma yake nitazame springi inavyobonyea?"

"Ndiyo."

"Wewe huna mke, ndiyo maana una majibu mepesi." Akamwita mumewe.

Kaka yangu akikaa kwenye kochi, kochi halina habari. Alipanda pikipiki, na springi haikushtuka. Shemeji akampa ndoo ya maji aipakate. Mimi nikasema aongeze ndoo ya pili. Akasema nisimtukanie mama mkwe wake, na kwa adabu akapunguza maji kwenye ile ya kwanza. Nawaapia nilimwona kwa macho yangu. Fundi ambaye alimpima mbuzi kwa uaminifu wote alikuwa anachota maji kwenye ndoo ili mama mkwe asionekane mzito. Akakaza cheni kwa uzito huo, akafunga loki, akafuta mikono.

Ijumaa tulikuwa wote chini ya kilima. Msimamizi alikuja na mwavuli. Mama alivaa helmeti yake, akafunga begi nyuma, akafunga na mzani wa kupimia watoto, akaondoka bila kutuaga. Na pikipiki ilipanda! Pale ilipokuwa ikizimia, ilipita kama haijawahi kuumwa, polepole, bila kelele, mama amekaa wima. Kaka yangu alipiga makofi. Shemeji alikuwa ameng'ata ukingo wa kitenge chake na machoni anacheka.

Kisha mama akafika kwenye mfereji wa kwanza. Gurudumu la mbele likaingia na kutoka. La nyuma likaingia, pikipiki ikabonyea na uzito wake wote, na tukasikia mlio mkavu mpaka kule tulikokuwa. Cheni ilikuwa chini kwenye mawe.

Mama alishika breki, akaweka mguu chini, hakuanguka. Akageuza pikipiki, akaishusha kwa mkono, kaka na mimi tukakimbia kumsaidia. Alipofika mbele ya msimamizi alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Pole sana, mama," alisema msimamizi. "Umejitahidi. Sasa naona..."

"Mota ilizima?" mama akauliza.

"Hapana, sikuona ikizima."

"Basi kilima hakijanishinda. Iliyoshindwa ni cheni. Nipe mpaka Jumatatu."

Msimamizi alitazama kilima, akamtazama mama, akafunga mwavuli wake. "Jumatatu asubuhi," alisema. "Lakini ndiyo mwisho, mama."

Shemeji hakuongea njiani. Ukitaka kujua hali ilikuwa mbaya kiasi gani, fikiria hilo peke yake. Kaka yangu alijaribu kumfariji, akasema cheni hukatika, ndivyo zilivyo. "Cheni yangu haikatiki," alijibiwa, na akashauriwa aende akapike.

Nilibaki naye dukani. Aliilaza cheni kwenye meza ya kukatia, akaipapasa pingili moja moja kwa kidole kama anakagua mshono. Zote zilikuwa nzima. Kilichopasuka ni loki peke yake. Akaichomoa springi ya nyuma, akafunga cheni kwa loki nyingine, na mimi nikaambiwa niinue gurudumu polepole kwa mikono miwili. Cheni ikawa imelegea. Nikainua zaidi, bado imelegea. Nikainua zaidi kidogo, na ghafla ikakaza mpaka kidole hakipiti, na gurudumu likagoma mikononi mwangu.

"Simama hapohapo," alisema. Alikuwa ameipata. "Hapa. Mama alifika hapa. Mume wangu na ndoo yake hawajawahi kufika hapa."

Nikacheka. Akanirushia kitambaa cha grisi, kikanipata usoni. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, na nikaona machozi yanamlenga.

"Nilimpima kwa macho," alisema. "Kama magauni."

"Magauni gani?"

"Yote. Unadhani nimewahi kumzungushia mama yenu tepu kiunoni? Ningeanzaje? Nilikadiria tu. Na nilikadiria kidogo, asije akaona namwona mnene."

Nilibaki nimeshika lile gurudumu. Nilimwona mama akilini mwangu, amesimama mlangoni, amesimama karibu na sufuria, na gauni la kijani, la bluu, la maua. Nilitaka kusema, nikafunga mdomo, na kwa ukoo wetu hilo ni jambo la kutangazwa. Halikuwa langu kulisema.

Jumamosi asubuhi mama akaja mwenyewe. Alikuja na begi, mzani na viatu vyake vya kazi, na safari hii hakubaki mlangoni. Aliingia mpaka katikati, akageukia mlango, akainua uso, akasoma ukuta kwa sauti, neno kwa neno, ile sauti yake ya kuwaambia watu wasukume.

"Mwenye pikipiki akae kwanza. Mwenye pikipiki ni nani?"

"Ni wewe, mama," alisema shemeji.

"Nilikaa lini?"

Dukani kulikuwa na muuza mayai na mwalimu wakisubiri zamu yao. Wote wawili walianza kutazama viatu vyao.

"Hukukaa, mama."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Mama akampa muuza mayai begi na mzani amshikie. Hakukasirika, nilimjua usoni. Akaniambia nishike usukani, akapandisha mguu mmoja, akajivuta, akakaa. Springi ikabonyea, ikabonyea zaidi. Akapokea begi akalifunga nyuma, akapokea mzani, akaomba na chupa ya maji aliyoisahau mezani.

"Haya," alisema. "Mimi ni mwembamba?"

"Mama jamani."

"Nimekuuliza, fundi."

Hakuwahi kumwita fundi. Siku zote ilikuwa mkwe wangu. Shemeji alilisikia hilo neno, nikaona linavyomwingia.

"Hapana, mama. Wewe ni mnene."

"Ahsante. Nimekuwa mnene tangu nilipomzaa huyu," akaninyooshea kidole mimi, "na si siri ya mtu. Sasa fanya kazi."

Shemeji akapiga magoti. Akatazama springi ilivyobonyea, akaingiza kidole chini ya cheni, akatikisa kichwa, akafungua loki, akaongeza pingili mbili, akasogeza ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, nyuma kidogo, akaifunga. Akaingiza kidole tena. Kikapita. Bado hakuridhika.

"Mama, naomba uruke kidogo hapohapo ulipokaa. Kama unapita mfereji."

Na mama yangu, mkunga mwenye heshima zake, mbele ya muuza mayai na mwalimu, akaanza kuruka juu ya kiti cha pikipiki huku amejishikilia mabegani mwangu. Anaruka, springi inalia, shemeji amelala kifudifudi sakafuni anatazama cheni na kupiga kelele, "Tena mama! Zaidi! Usiihurumie!" Muuza mayai alishindwa kujizuia, akawa wa kwanza kucheka. Halafu tukacheka wote, na mama akiwemo, mpaka akaomba apumzike.

Alipokuwa anafuta jasho, bado amekaa juu ya pikipiki, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Hata yale magauni ungefanya hivi."

Shemeji akainuka taratibu kutoka sakafuni. "Yalikuwa yanabana?"

"Yanabana? Lile la kijani, nilipokaa kwenye gari kwenda harusini nilisikia uzi mmoja umekatika hapa ubavuni. Nikasema moyoni, huyu binti amekesha akishona shanga hizi, nikikaa tena litapasuka mbele ya ndugu zake siku yake kubwa. Nikasimama."

"Na mengine?"

"Na mengine yote. Nimesimama mpaka magoti yameisha. Unadhani ni kilima peke yake kilichoyamaliza?"

Shemeji hakucheka. "Mimi nilidhani hutaki kukaa na mimi," alisema.

Mama akaacha kufuta jasho. Nimewahi kumwona mama akipokea habari za kila aina, na hii ilimgusa vibaya kuliko nyingi.

"Miaka yote?" aliuliza.

"Miaka yote, mama."

"Njoo hapa."

Shemeji akaenda na mikono yake ya grisi, na mama akamkumbatia hukohuko juu ya pikipiki, grisi na yote. Mwalimu alipangusa miwani yake. Mimi nilitoka nje kukagua bango jingine nililomchorea mlangoni, ambalo halikuwa na kasoro yoyote, nikalikagua mpaka macho yakakauka.

Jumatatu tulisimama palepale chini ya kilima. Msimamizi alikuja bila mwavuli. Mama alipanda, akapita ule mwinuko, akafika kwenye mfereji, na nilimwona shemeji akifumba macho. Gurudumu la mbele likapita. La nyuma likazama, likabonyea, likatoka. Hakuna mlio. Mfereji wa pili, wa tatu, kisha akapotea nyuma ya mawe, na kwa muda hatukuona kitu wala kusikia kitu, maana pikipiki hizi hazina kelele. Halafu kutoka juu kabisa ikaja honi, nyembamba kama ya baiskeli ya mtoto, ikipigwa bila kuachia.

Msimamizi alitabasamu. "Mwambieni mama mzunguko ni wake," alisema, akarudi kazini.

Hatukuweza kumwambia mpaka jioni, kwa sababu hakushuka. Kule juu alimkuta mama mmoja uchungu umemwanza tangu alfajiri, na mume anazunguka nyumba hajui aanzie wapi. Aliposhuka alipitia dukani, akaegesha pikipiki, akasema, "Msichana. Mama yake mzima." Kisha akainua mikono yake miwili juu, akasimama hivyo katikati ya duka.

Hatukuelewa. Shemeji akauliza kama ameumia.

"Lete tepu," alisema mama. "Na usome kwa sauti, nisikie mwenyewe."

Shemeji alinawa mikono kwa sabuni mara mbili. Tepu ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya misumari na vibao vya breki. Akamzungushia mama kifuani, kiunoni, kwenye nyonga, akisoma kila mahali kwa sauti. Alipomaliza akasogeza kigoda chake.

"Sasa kaa, mama," akasema. "Nipime tena."

Mwaka uliofuata nilioa, ili shemeji akose la kunitania, ingawa amepata mengine. Mama alikuja harusini na gauni la rangi ya dhahabu, na kiti chake kilikuwa cha mbele, karibu na cha shemeji. Alifika pale, akalishika gauni ubavuni kwa mazoea, akamtazama shemeji. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Mama akakaa, na hakuinuka mpaka wageni wa mwisho walipoondoka.